Men, utan, fast, däremot: usipitie Kiingereza, anzia kwenye Kiswahili

Mkuu, umeuliza kama ukariri lile jedwali ulilopewa, safu ya kushoto "but, however, although, instead, on the contrary", ya kulia Kiswidi chake, kabla hujamfuata mwenzi wako Göteborg. Jedwali litunze, ila safu ya kushoto ifute uandike Kiswahili. Nasema hivyo kwa sababu nimepita SFI, ile shule ya Kiswidi ya bure kwa wahamiaji, hadi kozi D, na mpaka leo wageni kutoka nyumbani huniletea mazoezi yao tuyaangalie pamoja. Wengi hutoa wazo kwenye Kiswahili, wakalipeleka Kiingereza, ndipo wakalivusha Kiswidi. Kwenye maneno ya kupinga, kituo hicho cha katikati ndicho kinachopoteza watu.

Chukua "but". Kiingereza kinalitumia hilo moja kwa kazi ambazo Kiswidi kimezigawa kwa maneno matatu, na Kiswahili nacho kimezigawa vilevile. "Jag är trött men glad", nimechoka lakini nina furaha. "Han är inte lärare utan elev", yeye si mwalimu bali ni mwanafunzi. "Alla kom utom Juma", wote walikuja ila Juma. Yaani "lakini" ni "men", "bali" ni "utan", "ila" au "isipokuwa" ni "utom". Hata "inte bara... utan också" ni ile ile "si tu... bali pia" uliyoiandika kwenye insha tangu shule ya msingi. Mwingereza anayejifunza Kiswidi huhangaika sana na "utan". Wewe umezaliwa nayo.

Angalizo moja. Watu huambiwa kwamba baada ya "inte" inakuja "utan", wakaifanya sheria ya lazima. Siyo. "Han är inte rik men han är glad" ni sahihi kabisa, na kuna "inte" ndani. Kipimo ni Kiswahili chako: si tajiri lakini ana furaha. Ukisema "si tajiri bali ana furaha" sikio linakataa, kwa sababu furaha haiji kuchukua nafasi ya utajiri. "Utan", kama bali, inaondoa kitu na kuweka kingine mahali pake. Tofauti ni kwamba sisi mtaani bali hatuitumii sana, tunasema tu "siyo mwalimu, mwanafunzi". Kule "utan" iko midomoni mwa watoto wa chekechea, usiione ya vitabuni.

Halafu "utan" hiyo hiyo ni "bila". "Kaffe utan mjölk", kahawa bila maziwa. Na "utan att säga något" ni bila kusema kitu: kitenzi kinabaki katika umbo lake la ku-, sawa na kwetu, wakati Kiingereza kinakulazimisha uweke "-ing". "I stället för att åka buss gick jag", badala ya kupanda basi nilitembea. Umeona? Badala ya ku-, bila ku-. Mfuate Mswahili aliye ndani yako hapo.

"Although" nayo igawe. Jambo lililotokea kweli, yaani ingawa, ni "fastän" au "trots att". Jambo la kudhania, hata kama, ni "även om". "Trots" peke yake inataka jina mbele yake, kama licha ya: "trots regnet", licha ya mvua. (Neno hilo likiwa jina maana yake ni ukaidi, na umri wa mtoto wa miaka miwili mitatu anayekataa kila kitu wanauita "trotsåldern". Ukifika na mtoto wa umri huo utalisikia mapema.)

"Fast" ndiyo ya kuangalia, maana ina sura mbili na Kiswahili hakikusaidii. "Hon kom fast hon inte ville" ni alikuja ingawa hakutaka. "Fast hon ville inte" ni lakini hakutaka, ya mtu anayeongeza neno katikati ya maongezi. Kinachobadilika ni mahali pa "inte" tu. Walimu wa SFI wana kifupi chao, BIFF, cha kukumbusha kwamba kwenye kishazi tegemezi "inte" hutangulia kitenzi. Kifupi hicho kikariri.

"However" ndiyo inayoharibu insha nyingi. Watu huandika "Dock jag har..." kwa kufuata "However, I have...". "Men" ikianza sentensi haihesabiwi, kwa hiyo "Men jag har" ni sawa, lakini "däremot", "ändå" na "emellertid" zikikaa mwanzo, kitenzi lazima kishike nafasi ya pili: "Däremot har jag..." Nayo "dock" ikae baada ya kitenzi, "Det är dock dyrt", na ibaki kwenye maandishi. Ukiitumia kazini wakati wa chai utasikika kama barua ya benki. "Emellertid" isome tu, usihangaike kuitamka.

"Däremot" wengi huichanganya na "tvärtom". "Tvärtom" ni kinyume chake kabisa: umechoka? Nej, tvärtom. "Däremot" inageuza macho kwa mtu au kitu kingine. "Min bror talar inte svenska. Min syster däremot talar flytande." Kwetu kazi hiyo inafanywa na kale ka "yeye": kaka hajui Kiswidi, dada yeye anakimwaga. Ukisikia "yeye" ya namna hiyo kichwani, weka "däremot".

Jedwali lako limesahau neno la kupinga utakalolihitaji siku ya kwanza: "jo". Ukiulizwa "Har du inte ätit?", hujala?, na umekula, jibu ni "jo", siyo "ja". Kiingereza hakina neno hilo, na hapa Kiswahili nacho kinakutega, maana sisi tukiulizwa "hujala?" tunajibu "ndiyo" tukikubali kwamba hatujala. Mswidi atakayesikia "ja" hapo atabaki anakutazama. Kama hujala sema "nej", kama umekula sema "jo".

Kwa mtihani wa kuandika wa D, "men", "utan", "trots att", "även om", "däremot" na "i stället" zikikaa mahali pake zinatosha. Andika sentensi zako uziweke hapa chini, nitazipitia.