Barua kwa mwanangu: mtoto asiyekula nyama

Bukavu, Jumapili jioni

Binti yangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili baba yako asikie. Unauliza kama mjukuu wangu wa miezi saba atakua vizuri bila nyama wala samaki, kwa kuwa wewe na mume wako mmeviacha. Na mama mkwe wako kakutisha kwamba mtoto atapata bwaki, yaani unyafuzi, ule ugonjwa wa utapiamlo unaomvimbisha mtoto.

Bwaki naijua, iliingia nyumbani mwangu. Nilipopata mimba yako nilimwachisha kaka yako ziwa kwa siku moja tu, akahamia bugali wa muhogo na mchuzi. Nyama tulikula kila Jumapili, lakini sehemu yake ilikuwa huo mchuzi. Nywele zikawa nyekundu-nyekundu, akaacha kucheza. Mashavu yamejaa, nami najisifu kwamba mtoto kanenepa! Muuguzi akambonyeza mguu kwa kidole gumba, akakitoa, na shimo likabaki pale pale. Mpaka leo nikiona mtoto mnene asiyecheka, namtazama miguu kwanza.

Alilazwa, akanyweshwa maziwa ya dawa. Tuliporudi nyumbani sikuongeza nyama, pesa ingetoka wapi? Niliongeza uji wa masoso, ule wa mahindi, soya na mtama, pamoja na maharagi niliyoyaloweka usiku, nikayapika hadi yalainike kabisa, nikayamenya na kuyaponda, na tone la mawese juu. Wewe mwenyewe ulikulia kwenye sahani hiyo.

Kwa hiyo mwambie mama mkwe wako, kwa heshima, kwamba muhogo mtupu ndio wa kuogopwa. Usimwachishe ziwa mapema, mfikishe miaka miwili. Lengalenga, yaani mchicha, mpikie na nyanya, au kamulia limau, ndipo mwili unapata madini ya chuma yaliyomo. Chai usimpe, inayazuia. Karanga zisagwe ziwe laini, nzima zitamkaba. Sombe, hata hiyo ya kutwangwa kwa mashine huko Lubumbashi, chemsha muda mrefu bila kufunika, maana majani ya muhogo yana sumu.

Sasa jambo ambalo majani hayawezi. Kuna vitamini B12, ya damu na mishipa ya fahamu, na kwenye mboga na maharagi haimo. Imo kwenye yai, maziwa, samaki na nyama. Upungufu wake huja polepole, na mtoto anayenyonya huipata kutoka kwako, kwa hiyo nawe unahusika. Yai lililoiva vizuri laweza kuingia kwenye uji wake tangu sasa. Maziwa ya ng'ombe changanya kidogo kwenye chakula, yasichukue nafasi ya ziwa kabla ya mwaka mmoja.

Hapa jirani yetu naye anasema hali nyama, huku sahani yake imejaa sambaza! Baba yako anamtetea, eti samaki walioletwa Kivu kutoka Tanganyika ni wageni, hawahesabiwi.

Lakini hukuniandikia kama mayai na maziwa mmeviacha pia. Kama mmeviacha, nenda kwa daktari wiki hii akupangie B12, yako na ya mtoto. Nijibu leo.

Mama yako