Fiziotherapia ya mama: nitafute wapi karibu na nyumbani?

SWALI: Mama alipata kiharusi na upande wake wa kushoto umelegea. Hospitali ya Mombasa imemruhusu, ikasema aendelee na fiziotherapia karibu na nyumbani. Nikiandika Kaloleni kwenye simu naletewa vituo vya Nairobi na hata Arusha. Nifanyeje? (Msomaji, Kaloleni, Kilifi)

JIBU: Kaloleni ziko nyingi: Kilifi, Voi, Nairobi, Kisumu, Arusha. Simu haijui unakusudia ipi. Acha kutafuta kwa jina la mtaa na uingie kwenye orodha kuu ya vituo vya afya ya Wizara ya Afya, KMHFR (zamani KMHFL). Ni bure. Chagua kaunti ya Kilifi, kisha kaunti ndogo, kisha ngazi ya kituo. Anza na ngazi ya 4, yaani hospitali. Ngazi ya 2 ni zahanati, na huko kwa kawaida hutapata mtaalamu wa fiziotherapia. Orodha imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo ukitafuta huduma andika physiotherapy.

Ukimaliza Kaloleni, rudia na kaunti ndogo jirani ya Rabai. Orodha hufuata mipaka ya utawala, matatu haifuati. Huenda kituo kilicho rahisi kufikika kikawa upande wa pili wa mpaka.

Ukifungua ukurasa wa kituo, tazama kama kinafanya kazi, ni cha nani, na hufunguliwa siku zipi. Orodha ya huduma isome kwa tahadhari. Kituo huandikwa kina fiziotherapia, kumbe mtaalamu amehamishwa, au huja Jumanne na Alhamisi tu. Ndiyo maana usimpakie mama garini kabla ya kupiga simu na kuuliza: mtaalamu yupo wiki hii? Anaona wagonjwa wa kiharusi siku gani? Mnataka barua ya rufaa? Kipindi kimoja ni shilingi ngapi? Chumba kiko chini au ni cha kupanda ngazi? Hili la ngazi watu hulisahau, wakajikuta wanambeba mgonjwa mgongoni.

Uliza pia habari za SHA, yaani bima ya afya ya serikali, na uitaje huduma yenyewe. Kituo kuwemo kwenye orodha ya Wizara si sawa na kuwa na mkataba na SHA, na mkataba nao haumaanishi kila huduma inalipiwa.

Namba ikiwa haipatikani, jambo la kawaida sana, piga kwa idara ya fiziotherapia ya hospitali iliyomruhusu mama. Wao hujuana na wenzao wa Kilifi, na mara nyingi hii ndiyo njia fupi kuliko zote. Usikae wiki kadhaa ukitafuta, maana miezi mitatu ya mwanzo ndiyo viungo hurudi kwa kasi zaidi. Na mnapompandisha garini, msimvute kwa ule mkono uliolegea, bega huweza kuteguka.

Mkiamua kumlipa mtaalamu aje nyumbani, mwombe jina kamili na namba ya leseni, kisha uhakikishe kwa Baraza la Fiziotherapia la Kenya kwamba leseni ni ya mwaka huu.

SWALI: Nimeona tovuti inayoorodhesha washauri nasaha, wengine wana nyota tano. Nyota hizo ni za kuaminika? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hazitoshi. Baadhi ya tovuti za aina hiyo huwatoza washauri ada ili wawekwe juu, na nyota huweza kutolewa na mtu yeyote. Mwulize mshauri kama amesajiliwa na Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, amesomea nini, na kikao ni dakika ngapi. Anayekwepa swali la usajili, mwache. Ukihitaji mtu wa kuzungumza naye sasa hivi, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Kwa mtoto ni 116, nayo ni bure.