Bosi anataka kuhesabu mistari ya msimbo: mpe vipimo hivi badala yake

Ndugu, nimekuelewa: bosi anataka kila mwezi apewe idadi ya mistari ya msimbo aliyoandika kila mmoja kwenye timu yako, nawe unaona hapo kuna uonevu. Upo kweli. Mtu akifuta mistari 400 iliyojirudia na programu ikaendelea kufanya kazi vizuri, kwa kipimo hicho anaonekana mvivu.

Mpelekee vipimo vinne vinavyotokana na DORA (mradi wa utafiti kuhusu utendaji wa timu za programu), vya timu nzima na si vya mtu mmoja mmoja: mnapeleka toleo hewani mara ngapi, badiliko huchukua muda gani tangu liingie kwenye Git (chombo cha kutunza msimbo na mabadiliko yake) hadi limfikie mtumiaji, asilimia ngapi ya matoleo huharibu kitu, na likiharibu, huduma hurudi baada ya muda gani.

Anza na hicho cha pili. Chukua mabadiliko 20 ya mwisho, uandike kila moja liliingizwa saa ngapi, liliombewa mapitio (mwenzako alisome na kulikagua) lini, likaidhinishwa lini, likaenda hewani lini. Tumia namba ya katikati (ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa) badala ya wastani, kwa sababu badiliko moja lililokwama wiki tatu hupotosha hesabu nzima. Mara nyingi utakuta muda umeliwa na kusubiri mapitio. Dawa yake ni kugawa kazi vipande vidogo ambavyo mwenzako anaweza kuvisoma kwa nusu saa.

Namba hizi zisiguse mishahara kabisa. Zikigusa, watu wataficha hitilafu. Na kama kipimo cha mistari ya msimbo kimeshaandikwa kwenye mkataba, muone mwanasheria wa kazi kabla hujasaini.