Mi napumzika nikiwa napanda mlima na baiskeli

Mmeuliza ukiwa likizo ni kitu gani kinakupumzisha kweli, sio kile unachowaambia watu. Jibu langu ni kupanda mlima na baiskeli ndani ya msitu, na nikisema kupanda namaanisha kupanda haswa, sio ule mteremko ambao kila mtu wa baiskeli anausifia. Mi niko Kigoma, Mwanga, naendesha duka la vifaa vya ujenzi, na kazi yenyewe simu haziishi, huyu anataka nondo leoleo, yule anadaiwa saruji toka mwezi uliopita na hapokei, kwahiyo hata nikilala likizo nzima kichwa kinaendelea kupiga hesabu tu. Nishajaribu kukaa nyumbani, nishajaribu kwenda kukaa kijijini kwa mama, mwili unakaa lakini akili haikai.

Likizo iliyopita nikaenda Lushoto, msitu wa Magamba. Kutoka huku ni safari kwelikweli manake unaikata nchi kutoka ziwani mpaka karibu na bahari, nikapanda treni ya reli ya kati mpaka Morogoro, kutoka pale ni mabasi mpaka Mombo, na Mombo ndo unaacha barabara kuu ya Arusha unaanza kupandisha kona kwa kona, unapita Soni pale kwenye maporomoko, mpaka Lushoto mjini ambako ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Baiskeli nilikodi hukohuko, ya gia, breki za diski, tairi pana zenye meno, na nikachukua kijana wa kuniongoza mana ule ni msitu wa hifadhi asilia, uko chini ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, huingii tu kama unaenda sokoni, unapewa kontroo namba unalipia kibali ndo unaingia.

Sasa msitu wenyewe unaanzia kwenye mita 1,600 na kitu na unaenda mpaka 2,300. Ziwa letu Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Hii tofauti usiichukulie poa. Watu wanasema huko juu oksijeni imepungua, ni kweli ila sio kwamba hewa imebadilika, oksijeni ni ileile asilimia 21, kinachopungua ni mgandamizo, hewa inakuwa nyepesi, kwahiyo pumzi moja unayovuta ukiwa kwenye mita 2,200 inakupa oksijeni pungufu kama asilimia 15 ukilinganisha na pumzi ya hapa Kibirizi kando ya ziwa. Kwa kawaida haileti ugonjwa kwa mtu mzima wa afya, lakini kwenye kilima utaijua. Mapigo yanapanda haraka, miguu inawaka mapema, na ukilazimisha mwendo uliozoea nyumbani ndani ya dakika chache umeshuka unasukuma.

Na hapa ndo penyewe. Ile hali ndo inayonipumzisha. Manake hauna namna nyingine zaidi ya kwenda taratibu, gia ndogo kabisa, unakaa mbele kidogo kwenye siti ili gurudumu la mbele lisinyanyuke, viwiko umelegeza, unapedeli kwa mzunguko uleule usiobadilika, unavuta pumzi unaitoa yote, unaangalia mita tatu nne mbele, kuna mzizi, kuna jiwe, kuna tope, unachagua mstari wako, umepita, unaangalia tena mita tatu nne. Mambo ya saruji yatakaa wapi hapo? Hayana nafasi. Kichwa kimejaa mzizi unaofuata na pumzi inayofuata basi. Kuna kipande tulipanda kirefu sana kwenye njia pana ya zamani, nilipofika juu nikagundua toka asubuhi sijawaza duka hata kidogo, na simu ilikuwa kwenye begi imewashwa.

Mteremko haunipi hiyo. Mteremko ni mzuri sikatai, lakini ni raha ya haraka na yenye wasiwasi, mikono inakakamaa kwenye breki, macho yanatoka, na ukimaliza unabaki unatetemeka. Af una kanuni zake, yule kijana alikuwa mkali kweli na nilimpenda kwa hilo. Usishikilie breki mfululizo mlima mzima, diski inapata moto nguvu inapungua, bana kwa nguvu kidogo halafu achia ipoe, bana tena achia. Siti ishushe, pedeli ziwe usawa mmoja ili usigonge jiwe, makalio nyuma. Mzizi uliolowa uvuke ukiwa umenyooka, ukiukata kwa ubavu gurudumu linateleza na wewe uko chini. Upepo kwenye tairi usijaze mpaka liwe gumu, punguza kidogo lishike ardhi, hasa kule ambako udongo ni mwekundu unaonata.

Msitu sasa. Mi nimekulia kwenye miombo na michikichi, miti ya kule ni mingine kabisa, kuna mikulo, ile miti ya kafuri, mikubwa minene imejaa kuvumwani kwenye magome na mimea imeota juu ya matawi, ukungu unaingia katikati ya miti mchana kweupe, koti linalowa na mvua haijanyesha. Ule unyevu unatoka Bahari ya Hindi, upepo unaupandisha mlima unapoa unakuwa ukungu, miti inaudaka, ndo vijito vinavyomwagilia zile karoti na kabichi za mabondeni hadi Dar zinafika. Hii milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, ule mlolongo wa milima ya kale wa Tanzania na Kenya, misitu ya zamani mno, na ina viumbe ambavyo duniani haviko kwingine, tulikuta kinyonga wa pembe mbili puani ametulia kwenye tawi kando ya njia, tukasimama hapo mpaka jasho likaanza kuwa baridi. Mbega nao wapo, unasikia matawi yanavunjika juu kabla hujawaona. Ukiwa unapanda taratibu unaviona hivi vyote. Anayeshuka kwa spidi haoni kitu.

Baridi jiandae nayo, kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi 6 hivi, na mwezi wa sita mpaka wa nane Lushoto ni sweta na blanketi zito. Masika, machi mpaka mei, sikushauri, njia zinakuwa tope tupu, na tairi linachimba mfereji ambao mvua inayofuata itaupanua, utakuwa umeharibu njia ya wanaokuja nyuma yako.

Najua kuna atakayesema haya ni mambo ya wazungu, baiskeli ya starehe mlimani. Mi nakataa kabisa tena kwa nguvu zote. Simama pale Mwandiga, nje kidogo ya mji wetu wa Kigoma, asubuhi uangalie wanaoshuka kutoka Kalinzi kule milimani na mikungu ya ndizi kwenye kariya, Phoenix haina gia hata moja, breki za vyuma na mpira, wengine wanasaidia na ndala kwenye tairi la nyuma, na wakimaliza kuuza wanapandisha tena mlima uleule. Hao wanajua kuchagua mstari, wanajua wapi pa kupedeli na wapi pa kushuka usukume usimalize nguvu. Huu ujuzi tunao mkoa mzima, toka Kasulu mpaka Ujiji, ila tumeuweka kwenye kazi tu, hatujawahi kuufikiria kama kitu cha mtu kujifurahisha nacho siku yake ya mapumziko, na mi naona tunajinyima.

Kwahiyo asiye na nauli ya Lushoto asisubiri. Tafuta baiskeli yenye gia, hata mtumba, mpe fundi aangalie breki na cheni, ondoka Mwandiga alfajiri shika barabara ya Manyovu, ukifika Kalinzi uko kwenye kahawa na migomba na hewa ishabadilika, ukiwa na pumzi endelea mpaka Manyovu karibu na mpaka wa Burundi. Ni lami sio msitu, na malori yapo, kaa kushoto uvae kofia ngumu. Mi mwenyewe nazungumza na wenzangu wawili watatu wa hapa mtaani twende Magamba pamoja mwezi wa tisa kabla ya vuli, shemeji yangu wa Kasulu ameshaanza kukusanya nauli, na ninachowasisitizia wote ni kitu kimoja, tusishindane kwenye kupanda, kila mtu aende na pumzi yake.