Taa za Bitzer

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lako nimekaa nalo siku kadhaa: ikiwa mwongozaji ndiye mwenye kauli, mpiga picha za sinema anabakiwa na nini kilicho chake? Nitakujibu kwa habari za Billy Bitzer, kwa kuwa kazi hii uliyoianza yeye aliikuta changa kabisa.

Alizaliwa mwaka 1872 huko Roxbury, Massachusetts, nchini Marekani. Mwaka 1896 alikuwa Canton, Ohio, akimpiga picha William McKinley aliyekuwa akigombea urais, na miaka miwili baadaye akapelekwa vitani Cuba. Siku hizo mwenye kamera ndiye aliyeamua aiweke wapi na mwanga autoe wapi.

Kwenye mwanga ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mei 1905 alishuka katika handaki la treni la New York, lililofunguliwa Oktoba ya mwaka uliotangulia, mahali ambapo utepe wa wakati ule usingenasa chochote isipokuwa giza. Kamera ilifungwa mbele ya treni iliyokuwa ikiifuata nyingine, na kwenye reli ya pembeni likaenda sambamba nazo behewa lililobeba taa. Utaona nguzo zinapita kati ya taa na treni, zinakata mwanga, na mgongo wa treni ya mbele unafifia, unang'aa, unafifia tena, mpaka kituoni abiria wanaposhuka.

Kwa hiyo alipoanza kufanya kazi na mwongozaji D. W. Griffith mwaka 1908, hakuja mikono mitupu. Picha inayojifunga polepole kama duara, uso unaolainishwa na mwanga wa nyuma, yote hayo yalipitia mikononi mwake, ingawa sifa nyingi zilimwendea Griffith. Lakini lawama nazo Bitzer anazo: filamu yao ya mwaka 1915 iliwadhalilisha watu weusi na kuwatukuza Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi lililowashambulia watu hao, na mimi siwezi kuusifu uzuri wa picha zake bila kulitaja hilo.

Mwaka 1926 alishiriki kuanzisha chama cha wapiga picha wenzake mjini New York. Akafariki mwaka 1944.

Itafute filamu ile ya handaki, ni fupi, kisha uniandikie ni wapi ulipoacha kuitazama treni ukaanza kuzitazama taa.

Baba yako