Karatasi zangu za urembo zinagandana: kosa liko wapi?

SWALI: Natengeneza madaftari hapa Buswelu, Mwanza, na majalada yake nayavisha karatasi ninazozipaka mwenyewe kwa rangi za akriliki. Rangi ni ghali, kwa hiyo naiongezea gundi nyeupe ya mbao, maji, na gliserini kidogo ili isikauke kabla sijamaliza kuchora mistari kwa kitana. Zinakauka vizuri, lakini nikizipanga siku mbili tatu zinagandana, na nikizibandua rangi ya moja inahamia kwenye nyingine. Tena zinajikunja. Je, nihamie rangi ya mafuta?

JIBU: Dada yangu, rangi ya mafuta iache. Mafuta yake hupenya kwenye karatasi, na kadiri miaka inavyokwenda karatasi hugeuka njano na kukatika ukiikunja. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi ya namna hiyo, lakini alichora juu ya hadibodi. Kwa karatasi, akriliki ndiyo rangi yako. Kinachokuponza ni gliserini, na hilo neno lako “zinakauka vizuri”.

Akriliki ni chembe za plastiki ndogo mno, zinaelea majini pamoja na unga wa rangi. Maji yakiondoka, chembe husogeleana, hushikana, na kuwa ngozi moja. Ukigusa baada ya nusu saa kidole kinatoka kisafi, unaona kazi imekwisha. Kumbe kilichofunga ni juu tu. Chini bado kuna unyevu unaotoka polepole kwa siku kadhaa, na mahali ulipopaka nzito, hata wiki kadhaa. Na hata ikishakomaa, ngozi hiyo hubaki plastiki laini. Joto likipanda inalegea, na ikilazwa uso kwa uso na mwenzake chini ya uzito, zinashikana.

Sasa hapo wewe umeongeza gliserini. Gliserini haikauki kama maji, na huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana tunaipaka mwilini ngozi isipauke. Ndani ya rangi inafanya kazi ileile. Kwa hewa yetu ya kando ya ziwa, hasa masika, karatasi iliyotiwa gliserini nyingi inaweza kunata mwezi mzima. Gundi ya mbao nayo ina udhaifu wake: nyingi hulainika tena zikipata maji, na daftari hushikwa na mikono yenye jasho kila siku.

Unachohitaji ni kitu kinachoipa rangi uzito na kukupa muda wa kuchora, bila kubaki kinanata. Kitu hicho ni uji wa wanga wa muhogo. Wajalidi vitabu wa Ulaya walikuwa wakichora karatasi zao za majalada kwa uji wa wanga uliotiwa rangi tangu zamani sana, kabla akriliki haijakuwapo. Paruza muhogo mbichi, kamua kwenye kitambaa kwa maji, acha maji yatulie mpaka unga mweupe ukae chini, kisha mwaga maji ya juu. Usitumie unga wa udaga wa ugali, una nyuzi na harufu. Koroga kijiko 1 cha wanga na vijiko 8 vya maji baridi, weka kwenye moto mdogo ukikoroga bila kuacha. Utauona ukiwa mweupe kama maziwa, halafu ghafla unang’aa na kuwa mzito. Epua hapohapo. Ukipoa, uchuje kwenye kitambaa, kisha tia rangi: kijiko 1 cha rangi kwa vijiko 3 au 4 vya uji. Kitana kikipita, mstari unapaswa kusimama ulipo. Ukijifunga, uji ni mwepesi. Pika wa kutumia siku hiyo au kesho yake tu, maana huchacha.

Kujikunja kunatokana na upande mmoja kulowa na mwingine kubaki mkavu. Tumia manila badala ya karatasi nyepesi ya gramu 80, ilowanishe pande zote mbili kwa sponji kabla ya kupaka, na ikishakauka iweke siku nzima chini ya ubao na mawe, katikati ya karatasi za kuokea mikate. Mawe hayo Mwanza tunayo mlangoni.

Ikiwa bado unataka uso wa akriliki tupu, tafuta midiamu isiyong’aa, yaani akriliki isiyo na rangi ya kuchanganya na rangi yako. Ndani yake kuna unga laini unaoufanya uso uwe na mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, kwa hiyo nyuso mbili hazigusani kila mahali. Ile inayong’aa ndiyo hunata zaidi. Mimi humalizia kwa nta ya nyuki: napitisha kidogo sana kwa kitambaa, nasugua mpaka kitambaa kiteleze. Kingo za kupaka gundi ziache bila nta, la sivyo hazitashika. Kabla ya kutuma mzigo kwa mteja, laza vipande viwili uso kwa uso, weka jiwe, viache usiku kucha. Vikiachana asubuhi bila sauti, viko tayari. Ukisikia hata mchaniko mdogo, subiri wiki nyingine.

Kuhusu michoro, usiishie kwenye kitana. Omba kipande cha wavu chakavu wa dagaa pale mwaloni Kirumba, ukifue harufu iishe, ukitandaze juu ya rangi mbichi, ukibonyeze kwa kiganja, kisha ukinyanyue kuanzia pembe moja. Vitundu vinabaki vyote, na pale wavu ulipotoboka na kushonwa unaona fundo la mvuvi limekaa kwenye karatasi. Hiyo ndiyo karatasi ninayoipenda kuliko zote ninazotengeneza. Brashi na wavu vifute kwanza kwa gazeti kabla ya kuviosha, na maji ya rangi usiyamwage kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Ile ni plastiki, haiozi. Acha maji yakauke kwenye ndoo, ubandue utando uutupe na takataka.

Zile zilizokwisha kugandana usizichane kwa nguvu. Zifunge vizuri kwenye nailoni, ziweke kwenye friza dakika 20. Baridi huifanya akriliki iwe ngumu na kuacha kunata. Zitoe moja moja, uziachanishe kuanzia kwenye kona kwa kisu butu bila kuzikunja, kwa sababu ikiwa ya baridi rangi hupasuka. Ikianza kupata joto mkononi, irudishe.