Lavenda ya sebuleni inanyauka huku udongo umelowa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu. Mwezi uliopita nililetewa mche wa lavenda kutoka Arusha. Nimeuweka juu ya meza sebuleni na naumwagilia kila asubuhi, lakini majani ya chini yanakuwa meusi na matawi yamelegea. Niongeze mbolea?

Jibu: Marahaba dada. Mbolea acha kabisa. Nina hakika kubwa kwamba mizizi inaoza. Utoe mche taratibu uitazame: mizizi hai ni myeupe na imekaza, iliyooza ni ya kahawia, na ukiivuta kwa vidole ganda lake linachomoka na kukuachia uzi mtupu. Mizizi ya namna hiyo hainywi tena, ndiyo maana mche unanyauka ndani ya udongo uliolowa. Mwenye nao anadhani una kiu, anaongeza maji, na anauzamisha.

Asili ya lavenda ni vilima vya mawe na chokaa kando ya Bahari ya Mediterania, ambako mvua hupita tu. Basi kata mizizi iliyooza kwa mkasi safi, uhamishie mche kwenye chungu cha mfinyanzi chenye tundu, kisizidi mizizi sana. Udongo nusu, mchanga wa mto uliochanganywa na kokoto ndogo nusu. Mchanga wa baharini usiutumie, una chumvi. Mwagilia pale tu kidole kikizama hadi kiungo cha pili bila kukuta unyevu, na maji yakijaa kwenye kisahani, yamwage.

Mezani pia hapafai. Lavenda inataka jua lenyewe, walau saa sita kwa siku, na upepo. Ipeleke balkoni, ukiizoesha kidogokidogo kwa wiki moja majani yasiungue.

Maua usiyategemee sana. Lavenda ya Kiingereza, yenye majani membamba yasiyo na meno, huhitaji kipindi cha baridi ili ichanue vizuri, na Dar hatuna. Ukinunua tena, tafuta ile yenye majani ya meno kama msumeno; inavumilia joto na huchanua bila baridi.

Leo hii kwangua gome la tawi kwa ukucha. Ukiona kijani, kata ncha tatu nne zisizo na ua, za sentimita 8 hivi, pukuta majani ya chini, zichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini penye mwanga. Mche mama ukifa, hizo zikishika ndani ya wiki nne hadi sita utakuwa na miche yako.